Salamu Zimehamia Wapi? Babati, kutoka kadi ya redio hadi grupu la harusi



Kuna swali nimeulizwa zaidi ya mara moja, na kila mtu analiuliza kwa namna yake. Mmoja anasema Facebook sasa imebaki ya wazee. Mwengine amechoka na Instagram, kila akiifungua anaona watu asiowajua wakimuuzia vitu asivyovihitaji. Wa tatu yumo kwenye magrupu ishirini na nane ya WhatsApp na hasomi hata moja. Je, mitandao ya kijamii inapoteza mvuto? Nimeona tusijibu kwa uchovu wetu wa leo, tuitizame historia kidogo. Na mji nitakaoutumia si Unguja, wala Pemba, wala Dar es Salaam. Ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mji nilioujua kwa sababu ya ndoa, kama wengi wetu tulivyoijua bara.

Nitalisema jibu langu mapema, asiyekuwa na wakati asisumbuke. Watu hawajachoka kusalimiana wala kujuliana hali. Wanachokikimbia ni pale mahali pa salamu panapogeuka kuwa uwanja wa wageni. Jambo hili limeshatokea kabla ya simu kuwepo, na wakati ule pia watu walihama bila ya kuaga.

Kwa wasioujua mji huu: Babati imekaa chini ya mlima Kwaraa, kando ya ziwa lenye viboko, penye njia panda ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma na ile ya kwenda Singida. Hiyo ya kwanza ni kipande cha barabara kuu ya zamani ambayo wakoloni waliiota kutoka Cape Town hadi Cairo. Wenyeji wake ni Wagorowa, na wapo Wairaqw, Wambugwe, Wabarbaig, na Warangi ambao asili yao ni Kondoa. Warangi wengi ni Waislamu, ndiyo maana mwanamke wa kisiwani akifika pale hajioni mgeni wa kila kitu. Adhana anaisikia, maulidi anayakuta, na mama mkwe anamwambia "bismillah" kabla ya sahani. Mkoa wenyewe ni mdogo kwa umri, umekatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Katika sensa ya 2022 Manyara ilikuwa na watu karibu milioni 1.9, na Zanzibar nzima nayo ilikuwa na karibu milioni 1.9. Idadi ni ile ile, lakini eneo la Manyara ni zaidi ya mara 15 ya visiwa vyetu. Hapo ndipo khabari yetu inapoanzia. Kisiwani ukitaka kujua hali ya shangazi, unapanda daladala. Manyara unahitaji chombo cha kukufikishia sauti.

Chombo hicho kwa miaka mingi kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, mwaka ambao nasi Unguja tulianza kusikia redio yetu. Ile ya Dar ikapitia majina kadhaa mpaka ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo kizazi cha mama zetu hakihitaji kuelezwa. Mwaka 1957 ikaja Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na mwaka 1961 Redio Peking nayo ikaanza kusema Kiswahili. Katika nyumba nyingi za bara redio ilikuwa moja, inatumia betri, na betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu ya jioni moja zaidi.

Sasa tizama kadi ya salamu. Ulikuwa unainunua, kipande cha karatasi ngumu, unajaza jina lako na sanduku lako la posta, halafu majina ya unaowasalimia, mmoja baada ya mmoja, na mwisho ujumbe. Unaitia posta. Halafu unasubiri. Wiki mbili, tatu, mwezi. Siku moja mtangazaji anasoma jina lako, na jina la ndugu yako, na la jirani yake, na kijiji wanachokaa, kisha anapiga nyimbo. Kwa nusu dakika nchi nzima imejua kwamba wewe wa Babati unamkumbuka fulani wa Tanga. Mama mmoja wa Kirangi, jirani yangu, aliniambia kwamba siku jina lake liliposomwa hakuwa karibu na redio, alikuwa mashineni anasaga. Watu watatu walimkimbilia njiani kumpa khabari. Hakuisikia salamu yenyewe hata kidogo, na bado ndiyo salamu anayoikumbuka kuliko zote.

Nataka mkae na jambo hili kidogo, kwa sababu ndilo tunaloliita leo mtandao wa kijamii, na lilikuwepo kabla ya waanzilishi wa mitandao hii kuzaliwa. Lilikuwa na orodha ya marafiki, maana kadi ina nafasi za majina na lazima uchague nani anaingia na nani anabaki nje. Ugomvi ulikuwepo pia, wifi akisikia majina ya mawifi wenziwe yametajwa na la kwake halipo. Hata watu mashuhuri lilikuwa nao, na hapa wale waliokua na redio watacheka: mabingwa wa salamu. Hawa walikuwa wananunua kadi kwa mafungu, wana lakabu zao, wamejiunga katika vyama vya wapenzi wa salamu, na ukifungua kipindi unawasikia wao kwa wao wakisalimiana kutoka mikoa tofauti. Wengine hawajawahi kuonana. Redio za nje pia walizifikia, na Redio China Kimataifa ilikuwa na kipindi kizima kikiitwa Salamu Zenu.

Magazeti nayo yalikuwa na safu za marafiki wa kalamu. Jina, umri, S.L.P., na anachokipenda: kusoma, kuandikiana, kubadilishana mawazo na picha. Wazee wetu hawakuzipenda safu zile kwa binti, na sababu zao ni zile zile tunazozitoa leo kuhusu ujumbe wa siri kutoka kwa mtu usiyemjua.

Kwa mwanamke aliyeolewa mbali, faida ya redio ilikuwa moja kubwa mno: aliyeko nyumbani hakuhitaji kuwa na kitu chochote. Bibi yako asiyejua kusoma, asiyekuwa na redio, alikusikia kwa jirani. Na ikifika khabari nzito, matangazo ya vifo yalisomwa redioni kwa majina ya ukoo mzima, na watu wakajua wapande basi gani. Asiyesikia mwenyewe aliambiwa na aliyesikia.

Salamu za kadi hazikufa kwa siku moja. Miaka ya 1990 serikali iliporuhusu vituo binafsi, Radio One ikaanza 1994, na vyengine vikafuata. Vipindi vikawa vingi, wasikilizaji wakagawanyika, na wewe wa Babati ukawa huna uhakika tena kwamba shangazi anasikiliza kituo ulichoandikia. Na ule uhodari wa mabingwa wa salamu, nadhani, nao ulichangia. Mtu wa kawaida aliyetaka kumsalimia mama yake mara moja kwa mwaka alikuta foleni imejaa watu wale wale. Kipindi kikawa chao. Mtu akisikia mara kumi watu asiowajua wakisalimiana, mara ya kumi na moja haandiki kadi.

Katikati hapo ziko barua, nazo nitazipita haraka, kwani kila mmoja wetu ana sanduku la mama lenye barua. Niseme tu kwamba Babati ni mji wa mabasi, na barua nyingi hazikuona posta. Zilikwenda kwa mkono, kwa kondakta, pamoja na kifurushi cha dengu. Baadaye Mobitel wakaanza simu za mkononi nchini mwaka 1994, Zantel ikaja kwetu 1999, Vodacom 2000, Celtel 2001, na ikafika siku watu wa Babati wakajifunza kubip kama watu wote.

Mtandao wa intaneti ulipofika kwenye miji midogo ya bara uliingia kupitia intaneti kafe: kompyuta chache kwenye chumba kimoja, unalipa kwa nusu saa, na nusu ya nusu saa inakwisha ukisubiri ukurasa ufunguke. Kabla ya Julai 2009, ulipofika Dar es Salaam mkonga wa baharini wa SEACOM, intaneti yetu ilitegemea satelaiti, ghali na nzito. Na bado vijana walikaa wakasubiri. Walikuwa wanasubiri hi5.

Wangapi mnaikumbuka hi5? Ukurasa wako unaupaka rangi, unautia nyimbo, unahesabu marafiki, watu wanakupa "five". Kwa Watanzania wengi huo ndio ulikuwa mtandao wa kwanza wa kijamii, kabla hata hawajalisikia jina la Facebook. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukimtafuta mtu uliyesoma naye skuli ya sekondari ulimpata, na ukimpata alikujibu. Halafu Facebook ikaja, iliyoanzishwa 2004 kwa wanafunzi wa Harvard, na mwaka 2009 ikawa na Kiswahili chake. Watu wakahama. Hi5 ikajaribu kujigeuza mahali pa michezo, haikusaidia, na mwaka 2011 ikanunuliwa na wenziwe wa Tagged.

Haikuwa peke yake. MySpace ilinunuliwa na kampuni ya Rupert Murdoch mwaka 2005 kwa dola milioni 580, wakati ule ikionekana haina mpinzani. Mwaka 2011 iliuzwa kwa dola milioni 35 hivi. Orkut ya Google ilifungwa 2014. Google+ ilifungwa Aprili 2019, na karibu miezi miwili baadaye ikafuata BBM, ile ya BlackBerry, ambayo miaka michache tu nyuma mtu akikupa PIN yake ulijua umekubalika. Kwa hiyo anayesema mtandao mkubwa hauwezi kuisha, hana kumbukumbu. Na anayesema Facebook inakufa leo, asubiri kidogo pia. Februari 2022 kampuni yake ilitangaza kwamba idadi ya wanaoingia Facebook kila siku imepungua kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa watu wapatao nusu milioni kati ya bilioni 1.93. Dunia nzima ikaandika maziko. Baadaye idadi ikapanda tena.

Ndiyo maana mimi sihesabu vichwa. Nauliza wanaoingia wanakwenda kumuona nani.

Turudi Babati. Facebook ilipokolea kule, ilikolea kwa simu. Mwaka 2014 Tigo ilianza kuwapa wateja wake Facebook ya Kiswahili bila ya kukatwa data, na mtu mwenye kisimu kidogo cha bei nafuu akaingia. Ilikuwa ni kadi ya salamu isiyohitaji stempu. Unaweka picha ya mtoto, shangazi aliyeko Kondoa anaandika "mashaallah", mwenzako wa skuli aliyeko Muscat anakuuliza huyu ni wa ngapi. Kwa bibi harusi wa kisiwani aliyepelekwa maili zote zile, boti halafu basi la siku nzima, hilo halikuwa jambo dogo. Ukiwa wa miezi ya mwanzo ya ndoa ya mbali anaujua aliyeuonja. Picha moja ya sufuria ya wali wa nazi uliopikwa na nazi ya kununua kwa bei ya dhahabu ilikuletea maoni arobaini ya watu wa mtaani kwenu, na usiku ule ulilala vizuri.

Kisha mambo yakabadilika, na si kwa sababu ya watu. Tangu Septemba 2006 Facebook iliweka ule mkondo wa khabari unaoshuka wenyewe, na watu wakaupinga sana kisha wakauzoea. Kidogo kidogo kilichoamua nini kishuke hakikuwa tena nani ni ndugu yako, kilikuwa nini kitakuweka hapo muda mrefu zaidi. Instagram, iliyonunuliwa na Facebook 2012 kwa dola bilioni moja, iliacha mwaka 2016 kupanga picha kwa wakati zilipowekwa. TikTok ikaja na mpango ambao haukuhitaji kabisa uwe na rafiki, na wakubwa wote wakaiga.

Mnataka ushahidi? Mwaka 2025 kampuni hiyo, sasa inaitwa Meta, ilikuwa mahakamani Washington, serikali ya Marekani ikiishitaki kwa kuhodhi biashara ya mitandao. Katika kujitetea, kampuni yenyewe ilionyesha takwimu zake: muda ambao watu wanautumia kutizama vitu vya marafiki zao umeshuka ndani ya miaka miwili, Facebook kutoka asilimia 22 hadi 17, na Instagram kutoka asilimia 11 hadi 7. Asilimia saba, dada zangu. Yaani katika saa moja unayokaa Instagram, dakika nne hivi ndizo za watu unaowajua, zilizobaki ni za wengine. Na kampuni iliyasema haya kwa furaha, maana yaliisaidia kudai kwamba haishindani na mitandao ya marafiki pekee. Novemba mwaka huo jaji aliiunga mkono.

Mimi nilivyosoma zile takwimu niliwakumbuka mabingwa wa salamu. Foleni imejaa watu wasiotuhusu.

Kwa mabibi harusi kuna uzito wa ziada. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha nyaraka za ndani za kampuni, na moja ilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema, wakiwa tayari wanajihisi vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwazidishia. Hao walikuwa wasichana wa umri wa skuli wa nchi za wenzetu, lakini nani kati yetu hajamuona bibi harusi wetu akitizama kurasa za wapambaji wiki ya mwisho, akatoka na machozi? Anajilinganisha na gauni la mtu wa Lagos au Dubai ambaye hatamuona maisha yake. Zamani alilinganishwa na binti ya jirani, nalo lilikuwa baya, lakini binti ya jirani alikuwa mmoja.

Na zile picha. Upande wa wanawake katika harusi zetu ulikuwa na mlango. Singo, hina, usiku wa kesha, mambo anayoyasema somo, yote yalikuwa ya waliomo ndani. Simu yenye kamera iliuondoa ule mlango bila ya kuomba ruhusa. Mtu anapiga picha ya kichwa chake na nyuma yake wamo wanawake sita bila ya mitandio, na kabla pilau haijapakuliwa picha iko Arusha. Sasa harusi nyingi zina mtu mlangoni mwenye kikapu cha simu, na kadi nyengine zinaandika kabisa kwamba simu haziruhusiwi. Nimeliona hili kwetu na nimeliona bara, na halikuletwa na khutba ya mtu. Wanawake wenyewe wamechoka. Wapo pia wanaoogopa jicho, na kwa hilo siwacheki, tumefundishwa kwamba lipo.

Basi watu wa Babati wamehamia wapi? Mnajua. WhatsApp, ambayo Facebook iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, bei iliyowafanya wengi wacheke wakati ule. Waliolipa waliona kitu ambacho sisi tulikuwa tunakifanya tayari: tunatoka uwanjani na kuingia ndani. Grupu la ukoo, la waliosoma pamoja, la akina mama wa madrasa, la kikoba.

Na grupu la kamati ya harusi. Kwa msomaji wa kisiwani ambaye hajaolewa bara nieleze kidogo. Kule kamati ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wanakutana, na michango inaahidiwa kwa majina. Siku hizi kikao kikubwa kiko kwenye simu. Orodha inawekwa asubuhi, jina, ahadi, alama ya tiki kwa aliyetoa, na kila anayetuma pesa orodha inawekwa tena upya. Aliyeahidi laki moja na hajatoa anaisoma aibu yake mara tisa kwa siku. Harusi ikipita wanatoa shukrani, wanatia picha chache, halafu watu wanaanza kutoka mmoja mmoja, "fulani ameondoka", "fulani ameondoka", mpaka anabaki katibu peke yake. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye nikaona kwamba ndiyo orodha pekee iliyobaki siku hizi ambamo kila jina linajulikana na wote, kama kadi ile.

Magrupu nayo yana uchovu wake. Kuna anayetuma "asubuhi njema" yenye maua kwa magrupu yote kila siku ya Mungu, na anayesambaza dawa ya kila maradhi. Tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuibeba, lakini kidole kina haraka kuliko akili. Na jumba la mtu mmoja likizimika, mnazimika wote. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika dunia nzima kwa saa sita hivi, na nyumba nyingi zikagundua hazina hata namba za kuwapigia watu wao kwa simu ya kawaida.

Lakini siwezi kuwasema vibaya nikikumbuka Hanang. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikaukumba mji wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoa huo huo wa Manyara, upande wa barabara ya Singida. Watu zaidi ya 80 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Video za tope likipita katikati ya nyumba zilifika kwenye simu za visiwani siku ile ile. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza mtandao una mvuto gani. Unatafuta jina moja tu, na unalitafuta kwenye grupu la ukoo, si kwenye ukurasa wa mtu mwenye wafuasi milioni.

Hapa sasa ndipo penye neno ninalotaka mabibi harusi walisikie, kwa sababu wengi mnaniambia: "Mimi harusi yangu siweki popote, nafunga kila kitu, wataona wa grupu tu." Mashaallah, nakuunga mkono kwa yale ya ndani. Lakini angalia unamfungia nani. Uwanja una aibu zake, ila ulikuwa haumuulizi mtu kama amealikwa. Grupu lina mlango, na mwenye ufunguo ni mmoja. Shangazi mwenye simu ya kitochi hayumo. Mama mkwe wa kijijini, anayetumia simu ya mjukuu wake, hayumo. Mwenzako wa skuli mliyepoteana namba hayumo wala hatajua uliolewa mwaka gani. Nimeshuhudia msiba ambao ndugu wa damu aliujua siku ya tatu, kwa sababu tangazo lilipita kwenye grupu na kila mtu alidhani kila mtu yumo. Enzi ya redio hilo lilikuwa gumu kutokea. Hata kama hukusikia wewe, walisikia jirani.

Na kuna salamu yenyewe. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, tumeelekezwa anayesalimiwa arudishe salamu iliyo bora zaidi, au angalau ile ile. Kidole gumba cha bluu sikioni kama ni marejesho ya salamu. Wala kuona kwamba fulani ametizama status yako saa nne na dakika kumi si kujua hali yake. Bibi harusi aliyeko Babati anaweza kuwa na watu mia mbili waliotizama status yake usiku, na asiwepo hata mmoja aliyemuuliza umekula nini.

Wale wanaoniuliza wafanye nini kwa walioachwa nje ya grupu, nitawaambia ninaloliona kule bara. Redio za mikoani bado zinasoma salamu. Kadi zimeondoka, sasa unatuma SMS, mtangazaji anaisoma jioni ile ile, jina lako, la mumeo, na la wale unaowasalimia. Mashineni, dukani, kwenye kibanda cha fundi cherehani, redio iko wazi. Asiyekuwa na simu janja anakusikia, na asiyesikia ataambiwa.